Mama Saluni na Mashine ya Ukungu

Sauti yake niliizoea kabla sijaizoea sura yake. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na kila asubuhi, kabla sijafunua cherehani yangu, nilimsikia akizungumza na vitu vyake. Alilisema jiko la mkaa kwa kuchelewa kushika. Alilisema beseni kwa kuvuja. Draya ikiwaka bila kusuasua aliishukuru kama unavyomshukuru mtu. Watu wa Katesh walimwita Mama Saluni. Hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, basi akaitwa kwa kazi yake. Jina lake la ubatizo nalijua, ila siliandiki, kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema likitajwa anajiona yuko shuleni tena, amesimama mbele ya masista na daftari halina kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na sare za shule, na biashara ilipofunguliwa, vitambaa vya kila aina vikaanza kushuka kutoka Namanga, nikahamia magauni ya harusi. Kwa hiyo wateja wetu walikuwa wale wale. Bibi harusi alitoka kwangu amepimwa kiuno, akaingia kwake kupimwa kichwa. Siku za baridi za mwezi wa sita, upepo wa Mlima Hanang unapopenya mpaka kwenye mifupa, alikuwa ananigongea ukutani kwa kitana. Maana yake chai iko tayari. Nilikunywa chai yake miaka mingi kuliko niliyokunywa ya mama yangu mzazi, na leo, nikisikia mtu akigonga mbao popote, bado nageuza kichwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye hatua ndefu za watu wa milimani kule Mbulu. Hakupenda mteja anayeomba radhi kwa nywele zake. "Umekuja zitengenezwe au umekuja kuzishtaki?" alimuuliza mwanamke mmoja, na yule mwanamke akacheka mpaka akasahau aibu iliyomleta. Alikuwa mkali kwa wasichana waliokuja bila kumwamkia. Hata awe mke wa mkubwa gani, asipotoa shikamoo alikalishwa kwenye benchi akiangalia wengine wakihudumiwa. Ila yeye mwenyewe umri wake aliuficha. Kila mwaka alisema ana miaka ile ile, na ukimtazama usoni kwa muda alikuuliza kama unatafuta kitu ulichopoteza.

Jambo nililolipenda kwake kuliko yote ni namna alivyochagua vitu. Mwenzangu huyu hakununua kitu cha kazi bila kukijaribu mwilini mwake. Pasi ya nywele aliisogeza karibu na shavu lake kupima moto. Dawa ya kulainisha nywele aliipaka kwanza kwenye kishungi chake mwenyewe nyuma ya sikio. Na losheni, sabuni na krimu alizijaribu kwenye mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, kati ya kiwiko na kiganja. Aliuita mkono wa dukani. "Ngoja niulize mkono wa dukani," alisema kila alipoletewa chupa mpya na mchuuzi, akapaka, akakaa nayo siku kadhaa ndipo akatoa jibu.

Mkono ule ndio uliolipa gharama. Miaka ile krimu za kung'arisha ngozi zilijaa kila mahali. Zilitoka nje ya nchi na picha za wanawake weupe kama maziwa, na wake za wafanyakazi wa mashamba ya ngano, walimu, wauguzi na wasichana wa madukani wote walizitaka. Mama Saluni aliziuza. Aliuza pia mkorogo, yaani krimu kali na losheni zilizochanganywa kwenye ndoo ndogo ili zichubue ngozi upesi. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Alikuwa anausema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, mbele ya yeyote. Alijaribu mkorogo ule kwenye mkono wa dukani, ukamwachia doa jeupe lenye ukubwa wa jani la mparachichi, na aliona doa lile kama ushahidi kwamba mali yake inafanya kazi.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka upande wa Basotu, mkulima, mwanakwaya, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa amemshika mkono binti yake, Paskalina, aliyekuwa akiuza kwenye duka la vifaa vya shule pale mjini. Paskalina alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni. Niliacha kushona, nikasimama mlangoni kwangu.

"Mwangalie," mama mtu alisema, akaivuta ile kanga. "Mwangalie vizuri, maana wewe ndiye uliyemtengeneza."

Uso wa yule binti ulikuwa umegawanyika. Shavu moja lilikuwa na rangi yake, lingine limekatwa na mabaka meupe yaliyoshuka shingoni mpaka kifuani, na juu ya mifupa ya macho ngozi ilikuwa nyekundu kama iliyomwagiwa chai ya moto. Mikono ilikuwa hivyo hivyo, vidole vimebaki vyeusi, vifundo vimefifia. Alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa karani Babati, kwenye ofisi mpya zilizofunguliwa mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na kuitwa Manyara, na tangu ngozi ianze kuharibika Paskalina hakuwa amekubali kuonana naye.

"Nisamehe, dada," Mama Saluni alisema.

"Kusamehe nitakusamehe, mimi ni Mkristo. Ngozi je? Nayo itasamehe?"

Walipoondoka, Mama Saluni alifunga mlango na wateja wakiwa bado kwenye benchi nje. Nilimsikia akishusha makopo kutoka kwenye rafu, moja baada ya jingine, bila kuyasemesha. Kisha akapita uani na ile ndoo na makopo yote kwenye shuka, akayamwaga kwenye choo cha shimo, mengine yakiwa hayajafunguliwa. Aliporudi akanikuta nimesimama pale pale. "Ngozi haina spea, mdogo wangu," akaniambia. Neno hilo alilirudia kwa wateja wake mpaka likawa kama salamu ya pale saluni.

Alimpeleka Paskalina hospitali yeye mwenyewe. Daktari alisema wekundu utapona, ila mabaka huenda yakabaki miaka, huenda yakabaki moja kwa moja, na amsubirie Mungu. Mama Saluni hakuwa mtu wa kusubiri amekaa. Aliuliza kila aliyepita. Na jibu likaja kutoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Msichana mmoja wa Katesh aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya kitalii Arusha alirudi nyumbani kuzika, akaja kusukwa. Wakati anasukwa akasimulia kwamba pale hotelini kuna chumba ambamo wanawake wa Kizungu wanasimama na nguo za ndani, wanapuliziwa maji ya rangi kwa mashine, na kesho yake wanaamka wamekuwa wa kahawia.

Mama Saluni alicheka mpaka akaacha kusuka. "Yaani sisi huku tunajichubua tuwe wao, na wao kule wanalipa wapulizwe wawe sisi?"

"Ndiyo, mama. Tena wanapanga foleni."

Akacheka tena. Kisha nikasikia kicheko kimekatika ghafla, kama redio iliyozimwa. "Hiyo rangi," akauliza, "inashika kwenye ngozi nyeupe?"

"Huko ndiko inakoshika, mama. Ngozi nyeusi haionyeshi sana."

Kuanzia siku hiyo aliongea habari za mashine tu. Fundi wa kupuliza rangi magari, aliyekuwa na kibanda jirani na stendi, akamwambia asijisumbue, bomba ni bomba, atamwazima la kwake. Mkulima mmoja akajitolea kumletea bomba la mgongoni la kupulizia dawa mbaazi. Aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akamwambia yule wa magari, "Bati likiharibika unapiga msasa. Huyu binti nitampiga msasa wapi?"

Tulikwenda Arusha pamoja, mimi kununua lesi, yeye kutafuta mashine. Fedha alizobeba alikuwa ameziweka kwa ajili ya bati za nyumba yake, ambayo kuta zake zilikuwa zimeshafika kwenye renta, juu ya madirisha. Nilimuuliza kwenye gari kama ameshafikiri vizuri. Akasema kuta hazina haraka, zinajua kusimama.

Duka lilikuwa la vifaa vya saluni, lenye vioo, na kijana aliyevaa tai. Alitutazama viatu vyetu vyenye vumbi la Hanang, akauliza kama tumetumwa na hoteli. "Nimetumwa na binti wa watu," Mama Saluni alimjibu. Yule kijana hakuelewa, lakini alikuwa na heshima, akatoa shikamoo, na hapo akapona.

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, bomba lake jembamba kama kalamu, na kikopo cha kuweka rangi kilichotosha kijiko kimoja. Ya pili ilikuwa kubwa, na tangi la upepo la chuma, inang'aa, ikiwashwa vioo vya duka vinatetemeka. Ya tatu haikuwa na sura. Ilikuwa kama mashine ya kufyonza vumbi la zulia, na mpira mnene unaotoa upepo mwingi lakini mlaini, wenye joto kidogo. Kijana aliisifu ile ya pili. Alisema ndiyo wanayonunua wakubwa.

Natamani mngemwona siku ile. Hakuuliza bei kwanza. Aliinyanyua kila moja aone kama ataweza kuibeba mpaka nyumbani kwa mtu anayeona aibu kuja mjini. Aliomba iwashwe akiwa ameweka sikio ukutani, upande wa nje, asikie jirani angesikia nini. Aliuliza kama jenereta dogo litaivuta, maana umeme wa Katesh ulikuwa unakuja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Aliifungua midomo ya mabomba, akataka aonyeshwe sindano ya ndani na namna ya kuiosha, akaifungua na kuifunga mwenyewe mpaka vidole vikazoea. Aliuliza upepo wa vumbi utaingilia wapi na chujio linapatikana wapi. Kijana alianza kutoa jasho kwenye tai.

"Sasa nijaribie," akasema, akakunja mkono wa gauni.

"Mama, hii huwa tunauza tu, hatu…"

"Nijaribie, mwanangu. Sijatoka Katesh kuja kusomewa."

Akalaza mkono wa dukani juu ya meza. Lile doa jeupe likawa ubao wao. Kijana akapuliza mistari mitatu, kila mashine mstari wake, kwa maji yale yale ya rangi. Ya kwanza ilitema vitone vitone. Ya pili ilikuja na nguvu, maji yakatiririka kuelekea kwenye kiganja. Ya tatu haikuonekana kama imefanya kitu. Ulitua ukungu tu, kama ule unaoshuka kutoka mlimani asubuhi, ukakaa kimya juu ya ngozi.

Kijana akasema rangi yenyewe itaonekana kesho. Basi tukalala Arusha, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Alilala mkono ukiwa nje ya blanketi, ameunyoosha kama wa mgonjwa, asije akaufuta kwa usingizi. Asubuhi aliniamsha kwa kunisukuma bega. Alinyoosha mkono tu kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa kwanza ulikuwa na madoa kama yai la kanga. Wa pili ulikuwa mweusi chini, mwepesi juu. Wa tatu niliutafuta nisiuone. Nilidhani umefutika. Kisha nikaelewa kwamba siuoni kwa sababu umefanana na mkono wake.

Alilia. Ni mara ya kwanza kumwona analia, na alikuwa analia kwa hasira, akijifuta kwa ukingo wa shuka. "Twende tukaichukue kabla hajaamka mwingine," akasema.

Paskalina alipoletwa, Mama Saluni alimkalisha chumba cha nyuma, akamwekea chai, na kabla ya yote akamweleza. Mimi nilikuwepo, nikimshikia shuka.

"Hii si dawa," alimwambia. "Ni rangi. Itakaa siku chache, itaondoka yenyewe, mabaka yatarudi. Tutapuliza tena. Unanielewa?"

"Naelewa, mama. Ilimradi siku ya harusi, na kanda ya video, mtu asione."

"Na mchumba?"

Paskalina akainama.

"Nitakupuliza siku ya harusi," Mama Saluni alisema. "Lakini kwanza aje hapa akuone ulivyo. Sitamfunga mtu kwa rangi yangu."

Paskalina alikataa. Alilia, akamwita mkatili, akasema watu wa Babati wana wasichana wengi, mtu akimwona hivi hatarudi. Mama yake naye akaja kumsihi Mama Saluni alegeze. Hakulegeza. Wiki zile nilimkasirikia. Nilimwambia ukutani, maana usoni niliogopa, kwamba yeye ndiye aliyeharibu, sasa anawekaje masharti? Upande wa pili nikasikia akiweka kitana chini. Kisha akajibu, "Kwa sababu niliharibu kwa kumwambia uongo, mdogo wangu. Nikitengeneza kwa uongo tena, nitakuwa nimetengeneza nini?"

Mwishowe Paskalina mwenyewe alituma ujumbe Babati. Yule karani akaja siku ya mnada, vumbi la ng'ombe likiwa limejaa barabarani, amevaa koti zito na viatu vilivyopigwa rangi. Kijana mfupi, mtulivu, jina lake Emanueli. Akatuamkia wote. Mama Saluni akamwingiza chumba cha nyuma, Paskalina akiwa ameketi kwenye kigoda, kanga kichwani. Akaivua mwenyewe. Hakuna aliyemvua.

Emanueli aliangalia. Aliangalia muda mrefu mpaka mimi nikatazama chini. Kisha akauliza, "Inauma?"

"Haiumi tena," Paskalina alisema.

"Na hiyo mashine, nayo inauma?"

"Sijui. Sijapulizwa."

Akamgeukia Mama Saluni, akavua koti, akakunja shati. "Nipulize mimi kwanza, mama. Nisikie kama inauma."

Mama Saluni akasema haina haja, rangi itamchafua, ana kazi ofisini. Yule kijana akabaki amenyoosha mkono. Basi akapulizwa mkono wa kulia, wote, na kiganja ndani yake, mashine ikinguruma polepole. Alipomaliza kupulizwa akautikisa na kusema, "Ni baridi tu." Paskalina akaanza kucheka, na kicheko kile kilikuwa kimechanganyika na kilio, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilikuwa na sindano mdomoni na niliogopa kuimeza.

Kiganja cha Emanueli kiligeuka rangi ya udongo wa mfinyanzi. Alirudi nacho ofisini Babati, wakamcheka. Karibu na harusi akaja akaomba apulizwe tena, akisema ameshazoea. Siku ya kufunga ndoa, Paskalina aliposimama mbele ya padri, uso wake ulikuwa mzima, wa rangi moja, na taa ya mpiga video ilipomulika sikuona hata alama. Bwana harusi alipoinua mkono kumvisha pete, kanisa zima liliona kiganja chake kimekuwa kama cha mtu aliyetoka kulima. Bibi mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti kama huyu kijana hakunawa. Mama Saluni alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakitetemeka, na sikujua anacheka au la.

Baada ya hapo walikuja wengi. Walikuja waliochubuliwa na krimu, za kwake na za wengine. Alikuja mwanamke wa Dareda aliyeungua na mafuta ya taa. Alikuja mwalimu mwenye mabaka ya kuzaliwa, ambaye alitaka tu aweze kuandika ubaoni bila wanafunzi kuangalia mikono yake. Siku moja ya mnada akaingia mama wa Kibarabaig, amevaa vazi lake la ngozi la ndoa na bangili za shaba, na zile alama za duara kuzunguka macho. Alikuwa amesikia habari za mashine, akataka aione. Aliizunguka, akaugusa mpira.

"Inaondoa alama?" akauliza.

"Haiondoi, mama. Inaweka rangi juu."

"Basi sina haja nayo," akasema. "Mimi hizi zangu nilizililia." Akakaa hata hivyo, akanywa chai, akaangalia kazi mpaka jioni. Mama Saluni alimpenda sana yule mama. Alisema ndiye mteja pekee aliyeingia pale akiwa hana anachotaka kubadilisha.

Yeye mwenyewe doa la mkono wa dukani hakulipuliza. Nilimuuliza mara nyingi. Alikuwa na majibu tofauti: rangi ni ya wateja, mkono uko ndani hauonekani, hana muda. Mtu huyu aliyesisitiza kila mmoja aonekane alivyo hakukubali kupigwa picha hata moja. Kwenye kanda ya harusi ya Paskalina nimemtafuta mwanzo mpaka mwisho. Kuna mahali unaona kitambaa chake cha kichwa kikipita nyuma ya keki, basi. Hiyo ndiyo picha niliyo nayo.

Mambo yalianza kuisha kwa upande wa maji ya rangi. Lile duka la Arusha lilifungwa, kijana wa tai hakujulikana alikokwenda. Mama Saluni alitafuta mpaka Nairobi. Maboksi aliyoyapata yalikuwa yamepita muda, rangi imekuwa ya kijani na inanuka. Aliyajaribu kwenye mkono wake, akatikisa kichwa, akayamwaga. Wanawake waliendelea kuja, na kila mara nilimsikia akisema, "Sina, mwanangu. Rudi tena labda." Kifua nacho kikaanza kumsumbua. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha, na miaka yote ile alipuliza akiwa amejifunga kanga puani, pengine bila kanga. Kama ni ukungu ule au ni baridi ya mlima, hakuna aliyemwambia kwa uhakika. Nilikuwa nasikia kikohozi chake mahali nilipozoea kusikia akiyasema masufuria.

Kisha habari ikaja kwamba mama yake anaumwa kule Mbulu. Aliondoka asubuhi, mkoba mmoja, akanigongea ukutani. Nilipotoka akasema anakwenda kumwangalia mgonjwa, nimtazamie mlango. Mashine alikuwa ameshampa Paskalina. Niliutazamia mlango ule mpaka mwenye nyumba akaupangisha. Wakaingia watu wa kuchaji simu na kutuma fedha, vijana wazuri, wananiamkia vizuri. Ila kutwa nzima nasikia milio ya simu, na hakuna anayesema na kitu. Zile kuta zake zisizo na bati ziliota nyasi kwa juu, na nikipita huko nageuka upande mwingine.

Niliuliza watu wa Mbulu miaka mingi. Wengine walisema yuko Dongobesh kwa kaka yake, wengine walisema amefariki. Mwaka juzi nikapata kazi ya kupima sare za kwaya Dongobesh. Nilipomaliza, mwanakwaya mmoja akanielekeza: nyumba iliyo nyuma ya shamba la vitunguu saumu, kando ya barabara ya magari ya Haydom, niliyopita nikija.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka juani, anachambua maharage. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe, amezikata chini kabisa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaweka ungo chini. "Sogea upande wa mwanga." Nilisogea. Alinitazama kama alivyokuwa anatazama kitu kabla hajakinunua. "Umechelewa," akasema.

"Nimekutafuta kwenye simu mpaka nikachoka."

"Mtandao uko juu ya kilima tu, na kilima nimewaachia mbuzi."

Tuliongea habari za wagonjwa na mazao. Mama yake alikuwa ameshakufa zamani. Akaniuliza kama bado nashona, nikasema bado, macho tu ndiyo yanaanza kunisumbua kutia uzi. Niliona anavuta pumzi kwa shida, anaongea maneno machache kisha anapumzika. Akanyoosha mkono, akagusa ukingo wa kilemba changu.

"Vua hicho."

"Dada, nywele zangu ni mbaya, sijazi…"

"Umekuja zitengenezwe au umekuja kuongea?"

Alimtuma mke wa kaka yake alete beseni la maji yaliyokuwa yameachwa juani, na kipande cha sabuni ya kawaida. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimebaki mifupa, lakini vilijua njia. Alisugua kidogo, akapumzika, kiganja kimekaa utosini kwangu, kisha akaendelea. Nilikuwa nalia, naye akasema nifumbe macho, sabuni inaingia. Nikasema ndiyo, ni sabuni.

Gari la Haydom likapiga honi barabarani.

"Gari lako hilo," akasema, akaacha kusugua.

"Hapana, dada. Hilo si langu."

Lilikuwa langu, na siku hiyo halikuwepo jingine. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, likaondoka likipanda kilima, na maji ya vuguvugu yakaanza kushuka nyuma ya shingo yangu.